Miji ya Kilombero Ijengwe kwa Kuyaheshimu Maji

Mtu atokaye Mikumi kwenda Ifakara, akishavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, husafiri njia nzima akiwa na ukuta wa milima ya Udzungwa mkono wake wa kulia na uwanda mkono wake wa kushoto. Miji na vijiji humpita kimoja baada ya kingine kama shanga katika uzi: Mkamba, Sanje, Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege, kisha Kibaoni na Ifakara yenyewe. Reli ya TAZARA nayo imefuata mstari huo huo, na baada ya Ifakara huendelea kuambaa na guu la milima kupitia Mngeta na Chita hadi Mlimba. Asiye mwenyeji aweza kudhani kwamba mpangilio huu ni wa bahati tu. La hasha. Milima haikaliki kwa urahisi, na uwanda hujaa maji kila mwaka. Kilichobaki katikati ni utepe mwembamba wa ardhi kavu, na ni juu ya utepe huo ndipo wazee walipojenga, na wahandisi wa reli walipokuja baadaye na vyombo vyao vya kupimia, hawakuona mahali pengine palipo bora zaidi.

Tunalikumbusha jambo hili leo kwa sababu utepe huo umejaa, na miji yetu imeanza kuteremka kuyafuata maji.

Kwanza yafaa tuielewe hali ya hewa ya bonde hili, maana wengi wanaoliamulia mambo hukaa mbali nalo. Uwanda wa Kilombero una urefu wa kilometa 260 hivi. Ifakara iko chini ya meta 300 kutoka usawa wa bahari, hali kilele cha Luhomero katika Udzungwa kinafika meta 2,576. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugota katika ukuta huo na kumwaga mzigo wao. Ifakara hupata milimeta 1,200 hadi 1,400 za mvua katika mwaka wa kawaida, na huko juu misituni ni zaidi ya hapo. Vuli huanza kwa kusitasita mwezi wa Novemba, masika yakakolea Machi na Aprili. Kabla ya vuli, joto la Ifakara ni la kunata. Shati hushikamana na mgongo tangu saa tatu asubuhi, na usiku watu huketi barazani wakingoja upepo ambao mara nyingi hauji.

Lakini jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalifahamu ni kwamba mafuriko ya Kilombero hayangoji mvua inyeshe Ifakara. Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Mngeta na Lumemo, mito yote hiyo hushuka kutoka nyanda za juu na milimani, kila mmoja na hesabu yake. Jua laweza kuwaka mjini siku nzima, watu wakaanika nguo uani, na maji yakawa njiani yanakuja.

Wandamba, ambao ndio watu wa kale wa mto huu, walilijua hilo kabla ya kuwapo idara yoyote ya hali ya hewa. Maisha yao yalikuwa ya mtumbwi, wavu, mgono na mpunga, na utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza ingawa ulitaka akili nyingi kuufuata: walilima chini na kukaa juu. Msimu ulipofika walihamia shambani, wakajenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na humo wakalinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na ndege. Maji yalipopanda, dungu lilisimama juu yake au liliachwa lichukuliwe. Hakuna mzee aliyelalamika kwamba mto umemvunjia nyumba, kwa kuwa dungu halikuwa nyumba. Nyumba ilikuwa kule ambako maji hayafiki, na makaburi kadhalika.

Utaratibu huo una kasoro zake, nasi hatutaki kuusifu kupita kiasi. Hata katika zama zetu watoto wengi wamekaa madunguni na wazazi wao kwa miezi, daftari zikiachwa nyumbani, na mahudhurio ya shule katika msimu wa kilimo ni jambo ambalo kila mwalimu mkuu wa bonde hili analijua kwa uchungu. Tunachosema ni kwamba palikuwa na mpaka baina ya mahali pa kulima na mahali pa kulala, na mpaka huo uliheshimiwa.

Wengine walikuja baadaye. Katika karne ya kumi na tisa walifika Wambunga, jamaa za Wangoni, wakiwa na mikuki na nidhamu ya vita. Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu. Wapogoro waliishika milima ya Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, wakakabiliwa na bunduki za rashasha. Vita vya Maji Maji vilipozimwa, wakoloni waliteketeza maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka kumi na miwili baadaye, Oktoba 1917, majeshi ya Kibelgiji yakaitwaa Mahenge kutoka kwa Wajerumani, na bonde likawa limepitiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wazungu pamoja na wapagazi wake, ambao majina yao hayamo katika mnara wowote.

Inafaa kuangalia kwamba mtawala, Mjerumani na Mwingereza pia, alipenda kukaa Mahenge, juu, kwenye baridi. Kwa muda mrefu watu wa bondeni walipanda mlima kwenda kulipa kodi na kuhukumiwa. Ifakara kwa hiyo haikuanza kama mji wa serikali. Ilikua kama mji wa wavukaji, wachuuzi na wagonjwa, na wilaya ya Kilombero ilipotengwa na Ulanga katika miaka ya 1970, makao yake yakiwa Ifakara, mji ulikwisha kuwa na tabia yake.

Tabia hiyo wageni huiona mara moja. Ni mji wa baiskeli, kwa kuwa ardhi ni bapa kama meza. Ni mji wa mashine za kukoboa mpunga, ambazo zikianza kunguruma mwezi wa Juni hazinyamazi, na vilima vya pumba nyuma yake hungoja wachoma matofali. Mchele wa Kilombero huuzwa kwa jina lake hadi Dar es Salaam, na mama wa nyumbani wa Kariakoo ambaye hajawahi kufika Morogoro atakuambia anautambua kwa harufu. Mjini hapo pia kiko kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wakongwe bado wanakiita KATRIN, kilichotoa mbegu ya SARO 5 iliyoenea nchini.

Tena ni mji wa tiba. Mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi walianza kazi nchini mwaka 1921, na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko ikawa kimbilio la bonde zima. Sisi tuliosomeshwa juzuu tukiwa tumekalia jamvi hatuna budi kusema haki: katika wodi zile Mwislamu na Mkristo wamelazwa kitanda kwa kitanda, na hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya kupimwa homa. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo Ifakara, kwa kuwa magonjwa aliyotaka kuyachunguza yote yalikuwa hapa. Maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na wataalamu wa Kitanzania na kujulikana duniani.

Nayo ilipata kazi ya kutosha. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Msomaji na aitafakari hesabu hiyo: ni karibu kila usiku. Baada ya vyandarua vyenye dawa kuuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1997, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Vyandarua vilivyotandazwa barani Afrika vimeegemea, kwa sehemu isiyo ndogo, juu ya ushahidi uliokusanywa katika vitanda vya kamba vya bonde hili. Ni maji yale yale ya uwanda yaliyozaa mpunga, mbu na elimu hiyo.

Miji mingine ina wazazi tofauti. Kidatu na Mkamba ni watoto wa miwa na umeme. Kiwanda cha sukari kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1998 hisa zake nyingi zikauzwa kwa wageni. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, likafikia megawati 204 mwaka 1980. Mlimba ni mtoto wa reli. Kipande cha kwanza cha TAZARA, kilometa 502 kutoka Dar es Salaam, kilifika hapo Novemba 1971, na mbele yake palikuwa na kazi ngumu kuliko zote katika njia nzima ya kilometa 1,860, yaani mahandaki na madaraja ya kupandia Makambako. Vijana wa Kitanzania walifanya kazi hiyo bega kwa bega na Wachina, na wengi wao hawakurudi makwao. Walioa na kulima pale pale. Operesheni Vijiji ilipokuja, watu zaidi wakapangwa kandokando ya reli, na treni ya abiria ikawa soko linalotembea, ndizi zikipanda huku na samaki wakavu wakishuka kule. Mang'ula, iliyokuwa na kambi kubwa ya wajenzi wa reli, tangu mwaka 1992 ni lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa.

Kwa miaka yote hiyo ng'ambo ya mto ilikuwa kama nchi nyingine. Aliyekwenda Lupiro, Malinyi au Mahenge alisimama kivukoni akingoja pantoni. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kungoja tangu adhuhuri hadi jua kuzama, pamoja na mama mjamzito aliyelazwa juu ya magunia ya mchele, mto ukiwa umejaa na nahodha akikataa kuondoka, naye alikuwa na haki ya kukataa. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa dhoruba, na watu wakapoteza maisha. Mei 2018 likafunguliwa daraja la meta 384, na baadaye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilometa 67, ikawekwa lami. Hatuna neno ila shukrani kwa kazi hizo.

Hata hivyo barabara njema huleta watu, na watu huhitaji mahali pa kulala. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 400,000 katika wilaya ya Kilombero. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 580,000. Wafugaji wamekuja na ng'ombe, wakulima wamekuja kutafuta ardhi ya mpunga, wafanyabiashara wamefuata mchele. Bei ya kiwanja kilicho juu imepanda, na mtu wa kipato kidogo anaonyeshwa kiwanja bondeni. Anaonyeshwa mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa imekauka na kupasuka. Anaandikiwa karatasi mbele ya mashahidi wawili, anafyatua matofali papo hapo, na kufikia Machi familia imehamia. Hii si dungu tena. Ni nyumba ya saruji na bati iliyojengwa kwenye kitanda cha mto, na kila alichonacho mtu huyo duniani kimo ndani yake.

Katika masika ya mwaka 2024 bonde zima la Rufiji lilifurika, na hapa Ifakara Mto Lumemo uliingia katika makazi ya watu. Yalisemwa mengi wakati ule. Wapo waliosema mto umehama. Mto haukuhama, ulikwenda kule ulikokuwa ukienda kabla ya viwanja kukatwa. Wapo waliowalaumu wananchi kwa ukaidi. Lawama hiyo sisi hatuipokei, au angalau hatuipokei yote. Mwananchi aliyenunua kiwanja mbele ya kiongozi wa mtaa, akalipa ada iliyodaiwa, na kisha akavutiwa umeme na kuchimbiwa bomba, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba serikali imeridhia akae hapo. Kiongozi aliyetia sahihi yake katika karatasi ya kiwanja kilichomo ndani ya maji, akijua, ndiye aulizwe kwanza.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema, na katika nchi ya vilima yatosha. Lakini katika uwanda bapa kama huu wetu, maji yakishatoka katika ukingo hayazihesabu meta 60. Huenea kilometa nzima na zaidi. Afisa anayepima meta 60 kutoka ukingo wa Lumemo mwezi wa Septemba na kusema kiwanja cha sitini na moja ni salama, ametimiza sheria na amemdanganya mwenye kiwanja. Ifakara yahitaji mstari mwingine, mstari wa maji ya juu kabisa, uliopimwa ardhini na kuwekewa vigingi vya zege, na kila chini ya mstari huo pabaki kuwa mashamba, malisho na viwanja vya mpira.

Wengine watasema dawa ni tuta. Tuta lina mahali pake, hasa penye hospitali, shule na soko. Lakini tuta la udongo hutaka kutunzwa kila mwaka, na halmashauri zetu, tuseme kweli, ni hodari wa kuzindua kuliko kutunza. Tena maji yaliyozuiwa upande mmoja huenda upande wa pili, kwa watu wasio na mtu wa kuwasemea. Tuta litawafanya walio nyuma yake walale usingizi mzito, na likipasuka litapasuka usiku.

Wala jibu si kupanda milimani. Udzungwa ndiyo inayotulinda; msitu wake huyameza maji ya mvua na kuyaachia polepole, na ukikatwa, Lumemo itateremka kwa siku moja maji iliyokuwa ikiteremsha kwa wiki. Na si Ifakara peke yake inayohusika. Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, na maji hayo ndiyo yanayoendesha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Mkaa unaochomwa juu ya Mlimba una uhusiano na taa inayowaka Temeke.

Tunaloshauri ni mji kujibana. Katikati ya Ifakara kuna viwanja vilivyokaa na majani miaka nenda miaka rudi, vikiwa mali ya watu wanaongoja bei ipande. Halmashauri ivitoze kodi ipasavyo au ivitwae kwa mujibu wa sheria, viwe makazi. Kando ya barabara kuu, pale palipo juu, vipimwe viwanja vidogo ambavyo mpiga tofali aweza kuvilipia kwa misimu miwili ya mpunga, badala ya viwanja vikubwa ambavyo mwishowe hununuliwa na watu wa mbali. Wale waliokwisha jenga bondeni kwa nia njema wasibomolewe kama wahalifu. Wapewe kiwanja kwa kiwanja, na muda wa kuhama, na lori la kubebea bati na milango yao.

Haya si mambo yasiyowezekana. Barabara mpya ilipojengwa, wahandisi walijua kwamba karibu na Mang'ula tembo wana njia yao ya kale ya kutoka Udzungwa kwenda Selous, nao wakawajengea tembo njia ya kupita chini ya lami. Tulifurahi kusikia hivyo, na hatuwaonei tembo kijicho. Lakini ikiwa njia ya tembo iliweza kuulizwa, kuchorwa katika ramani na kugharimiwa, basi njia ya maji pia yaweza.

Vuli huanza Novemba. Kazi ya kuupata mstari ule haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wapo wazee wa Kindamba wanaokumbuka maji ya El Nino ya 1997 na 1998 yalikomea wapi. Na ziko kuta ambazo hazijapakwa chokaa tangu masika ya 2024, zenye alama ya tope. Wapimaji waanzie hapo, kabla mwenye nyumba hajapata fedha za kununua rangi.